Mashine Iliyomtunza Doto

Vijana wangu wa chumba cha seva, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, nikashukuru. Kumpa mstaafu saa ni jambo la kufikirisha kidogo, lakini nimeitundika sebuleni na inakwenda vizuri. Halafu mkaniomba niwaandikie habari za kazi, eti nikisimulia kwa mdomo naruka-ruka kama panzi na hamnifuati. Haya, nimekaa kitako. Vyeo sitavitaja, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitawaeleza nilivyoanza, nani aliyenifundisha, na ile kesi ya seva ya maabara ambayo mpaka leo ikinijia kichwani chai inapoa mezani.

Kompyuta sikuisomea. Nilipokuwa na umri wenu, huku kwetu kompyuta ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Nilianzia mtaa wa Mirongo, hapa mjini, kwenye kibanda cha fundi redio mmoja tuliyemwita Mzee Bwire, Mjita wa upande wa Mara, mtu mpole wa sauti na mzito wa mkono. Siku ya kwanza alinikabidhi redio iliyokufa, akanikataza kuigusa. "Itazame," akasema. Nikaitazama mpaka jua likafika utosini, wateja wanaingia na kutoka wakidhani nimepigwa butwaa. Jioni akaniuliza, "Umeona nini?" Nikamwambia sijaona kitu. "Basi kesho utaitazama tena." Kesho yake nikaona waya mmoja umebadilika rangi, umekuwa wa kahawia pale ulipopita karibu na transfoma. Nikamwonyesha. Ndipo akanipa bisibisi.

Mzee Bwire alikuwa na msemo wake: "Kilichokufa hakifi zaidi ukikiacha. Kinakufa zaidi ukikishika." Watu walimletea kanda za kaseti zilizochoka, nyimbo za kwaya, sauti za wazazi waliokwisha kuondoka duniani. Kabla hajaisafisha kanda, aliirekodi kwanza kwenye kanda nyingine hivyo hivyo ilivyo, na mikwaruzo yake yote. Nilimwuliza faida ya kurekodi mikwaruzo. Akanijibu bila kuinua macho, "Mikwaruzo tunaijua. Tutakachokiharibu sisi hatukijui." Nilikuwa kijana, nikaona mzee anapoteza muda na kanda. Miaka mingi baadaye maneno yale yalikuja kunishika shati.

Kompyuta zilipoanza kuingia ofisini, kibanda kikageuka. Mzee Bwire akazifungua kama alivyozifungua redio, akazitazama, akazielewa, nami nikawa nyuma yake. Hospitali yetu, ambayo mnaijua na hapa sitaitaja jina, ilimwita azihudumie kompyuta zake, naye akanipeleka mimi kwa sababu ya magoti yake. Ndivyo nilivyofika pale kando ya ziwa, na sikuondoka tena mpaka mliponipa saa.

Nilikuta kompyuta zimejaa wadudu wa ziwani. Nyinyi mmezikuta seva zimefungwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, hamjui. Wingu la wadudu wale likipanda kutoka majini na upepo ukaelekea kwetu, asubuhi unafungua mashine unakuta feni imesaga wadudu mpaka imekwama. Zana yangu ya kwanza pale hospitalini ilikuwa brashi ya kupaka rangi, ile ndogo, na pampu ya baiskeli. Nimefufua kompyuta nyingi kwa pampu ya baiskeli kuliko kwa kitu chochote nilichofundishwa kwenye semina. Watumishi waliamini kila ugonjwa ni virusi. Mashine ikigoma kwa sababu mtu amechomoa waya akachaji simu, nilikuwa naitwa nije kuua virusi. Nilikuwa naua, narudisha waya, naondoka.

Halafu zikaja hizi mashine pepe. Nitaeleza taratibu kwa ajili ya yule mgeni wenu aliyeajiriwa juzi. Seva ni nyumba, na mashine pepe ni wapangaji. Kila mpangaji anadhani amepanga nyumba nzima, ana umeme wake na diski yake, kumbe vyote ni vya mwenye nyumba. Diski yake yote, pamoja na mafaili yake yote, ukiitazama kwa nje ni faili moja tu, kubwa sana. Mwenye nyumba akianguka ghafla wakati mpangaji anaandika, lile faili linajeruhiwa. Mpangaji anaamka vitu vyake vipo, ila ramani ya kuvipata imevurugika. Hapo ndipo fundi anapoitwa, na hapo ndipo fundi anapoweza kuua.

Kesi yenyewe ilianza asubuhi ya mvua. Daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa bado ni nguzo tu majini, watu wanavuka kwa kivuko. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena kabla jenereta haijakohoa. Betri ya akiba pale chini ya seva ilikuwa imevimba tumbo siku nyingi. Seva ikazima katikati ya kazi. Ilipowaka, wapangaji wengine waliamka wakajinyoosha, isipokuwa mmoja, mashine ya maabara. Yenyewe ilileta kioo cheusi chenye mistari ya maandishi meupe, ikakaa hapo hapo.

Mtaniuliza bakapu, ile nakala ya akiba. Diski ya bakapu ilikuwa imekufa majuma machache kabla, na ombi la kununua nyingine lilikuwa bado linasafiri kutoka meza hadi meza. Naandika hivyo bila hasira, ingawa siku ile nilikuwa nayo ya kutosha.

Sijakaa sawa, Bi. Nyamizi akaingia. Mnamkumbuka wachache, ndiye aliyekuwa mkuu wa maabara, mama mnene asiyekimbia hata moto ukiwaka. Siku hiyo alikuja mbio. "Maduhu, kuna mtoto wa selimundu wodini, damu imekwisha mwilini. Nahitaji rekodi yake sasa hivi."

Nikamwuliza kama hawezi kumpima upya. Akanieleza, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. Mtoto wa selimundu akiongezewa damu mara nyingi, mwili wake hujifunza kuzikataa damu za watu fulani. Unatengeneza kingamwili. Baada ya muda kingamwili hizo hupungua, zinajificha, kiasi kwamba kipimo cha leo kinaweza kusema damu hii ni salama. Ukimwekea, mwili unakumbuka. Unaivunja damu yote uliyomwekea na yake pia. Vipimo vya kina vya kuzitafuta vilifanyiwa mbali, majibu huchukua siku, na majibu ya mtoto huyu yalikuwa ndani ya mashine ile iliyolala mbele yangu. Kwenye makaratasi hayakuwepo, maana makaratasi tulikuwa tumeshayaacha kwa mbwembwe na hotuba.

"Ana siku ngapi za kusubiri?" nikauliza.

"Siku?" Bi. Nyamizi akanitazama. "Maduhu, mimi nazungumzia leo."

Nikavuka barabara kwenda kwa bwana wa video za harusi, duka lake lilikuwa linatazamana na geti letu. Nikamwomba anikopeshe diski yake ya nje iliyo kubwa kuliko zote. Alisita, maana ilikuwa na harusi za watu ambao hawajazichukua, lakini nilipomwambia ni mtoto, akawahamisha maharusi wake haraka haraka akanipa. Nikarudi, nikaichomeka, nikaanza kunakili lile faili lote la mashine ya maabara, na jeraha lake, kabla sijaligusa.

Faili lile lilikuwa kubwa na seva ilikuwa imechoka. Asilimia kwenye kioo zilikuwa zinatambaa. Ndipo akaja Dokta Rwegasira wa wodi ya watoto, Mhaya, daktari mzuri sana, na hasira zake karibu.

"Mzee Maduhu, zana ya kurekebisha si unayo?"

"Ninayo, daktari."

"Sasa mbona umekaa?"

"Nanakili kwanza."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mchana hivi, ikienda vizuri."

Akapiga kizingiti cha mlango kwa kiganja. "Mchana! Mzee wangu, nakuheshimu, lakini mtoto huyu anaweza asiufikie mchana. Nimempa oksijeni, nimempa maji, sina kingine. Endesha hiyo zana!"

"Daktari, zana hii inarekebisha kwa kukata. Ikikata vibaya kwenye hiki kilichopo, hatuna kingine. Huyu mtoto harudi, na wengine wote waliomo humo hawarudi."

"Akifa nikaulizwa, nitasema jina lako."

"Sema. Linaandikwa Maduhu."

Nilimjibu hivyo kwa ukavu, lakini mikono yangu niliificha chini ya meza. Wanangu, msije mkadhani kufuata utaratibu ni jambo la watu wasio na moyo. Nilikuwa na mjukuu wa umri huo huo. Kila asilimia iliyosogea nilikuwa naiona kama pumzi ya mtu. Nilimkumbuka Mzee Bwire, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuzikwa kwao, nikamwuliza moyoni, mzee, una uhakika na maneno yako? Maana waliomletea kanda walikuwa wanarudi nyumbani kusubiri, hakuna aliyekuwa anakufa kwenye benchi.

Na kwenye benchi nje ya maabara alikaa mama wa mtoto. Nilitoka kunyoosha mgongo nikamkuta. Mwanamke wa ng'ambo, upande wa Busisi, kanga imelowa mvua ya kivukoni, miguu ina tope. Shangazi mtu alikuwa wodini na mtoto, yeye ameambiwa asubiri hapa. Akainuka kunisalimu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Keti, keti."

"Wanasema mashine imeanguka."

"Imeanguka. Tunaiinua."

"Na Kulwa wangu yumo humo?"

"Yumo," nikasema, nikarudi ndani upesi.

Kulwa. Mgeni wenu kama ametoka mbali ajue kwamba huku Usukumani pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, awe wa kike au wa kiume. Ukisimama sokoni ukaita Kulwa, wanageuka watano na mmoja anakujibu vibaya. Kwa hiyo hospitali ilitegemea namba ya kadi, siyo jina. Mapokezi walikuwa wameshaandika namba ya kadi ya mtoto huyo kwenye kipande cha karatasi, wakampa Bi. Nyamizi.

Nakala ilipokamilika nikaizalisha nakala ya pili kutoka kwenye ile ya kwanza, hii ikaenda haraka zaidi, halafu nikaelekeza zana kwenye hiyo ya pili. Dokta Rwegasira alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia pumzi yake kwenye kisogo. Zana ikaanza kuuliza maswali yake, nirekebishe hiki, nirekebishe kile, nami nikaikubalia yote kama kitabu kinavyosema. Ikamaliza, ikasema mfumo wa mafaili sasa ni safi. Nikafungua folda ya wagonjwa.

Ilikuwa tupu. Safi kweli kweli, imefagiliwa. Kila kilichokuwamo kilikuwa kimevunjwa vipande na kutupwa kwenye folda ya vilivyookotwa, maelfu ya vipande visivyo na majina, vina namba tu.

Daktari akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ndiyo basi?"

"Hapana," nikasema. "Hiyo ilikuwa nakala."

Akakalia boksi la karatasi za printa, akashika kichwa. Hakusema neno lingine juu ya kunakili, siku ile wala baadaye.

Nikaitupa nakala ile iliyochinjwa, nikazalisha nyingine. Safari hii sikugusa kitu. Nikaitazama. Nikaisoma mistari ile myeupe mmoja mmoja, kama nilivyoitazama redio ya Mirongo. Na nikaona. Diski za aina ile zina ukurasa wa mwanzo unaobeba ramani yote, na zina nakala za ramani hiyo zimewekwa ndani zaidi, sehemu mbalimbali, kwa ajili ya siku kama hiyo. Ukurasa wa mwanzo ndio uliokuwa ukiandikwa umeme ulipokatika. Ulikuwa umeandikwa nusu, na zana iliuamini. Nikaielekeza iache ukurasa wa mwanzo, isome ramani iliyofichwa ndani. Niseme ukweli, kabla ya kubonyeza niliomba, "Ee Mungu, mtoto wa watu." Nikabonyeza.

Iliuliza maswali machache tu. Nikafungua folda ya wagonjwa na wote walikuwamo. Nikaiwasha mashine kutoka kwenye nakala ile, na programu ya maabara ikafunguka na ule mlio wake wa kijinga wa kukaribisha. Sijawahi kuusikia mlio mtamu namna ile.

"Namba," nikasema. Bi. Nyamizi akaisoma kwenye kile kipande cha karatasi, nikaiandika, rekodi ikafunguka. Mnajua programu yetu huleta kwanza picha ya mgonjwa, ile inayopigwa siku anapoandikishwa kliniki.

Ilikuwa picha ya mvulana. Shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, anacheka, meno mawili ya mbele hayapo.

"Huyu siye," daktari akasema. "Mgonjwa wangu ni msichana."

Chini ya picha kulikuwa na neno moja ambalo wote watatu tulilisoma kwa pamoja: amefariki.

Nilidhani ramani imenidanganya, imewavuruga wagonjwa, imempa huyu namba ya yule, na kwamba kila nilichokuwa nacho ni takataka. Bi. Nyamizi alikwenda mlangoni akamwita mama.

Mama akaingia taratibu, kanga imekazwa kifuani. Aliitazama ile kompyuta. Hakulia. Alisogea mpaka karibu kabisa, akaweka mgongo wa kiganja chake kwenye kioo, juu ya paji la uso wa yule mvulana, vile mnavyompima mtoto homa.

"Huyo ni Doto," akasema. "Doto wangu. Alitangulia mwaka jana."

Bi. Nyamizi akamwambia polepole, "Mama, mbona mapokezi umewapa kadi ya Doto?"

Akatoa kifuko cha nailoni kifuani. Ndani yake zilikuwamo kadi mbili, zimeshikana kwa unyevu. "Zinakaa pamoja," akasema. "Tangu walipoandikishwa zinakaa pamoja. Cha Kulwa na cha Doto hakitenganishwi, ndivyo tulivyolelewa. Ukinunua kimoja unanunua viwili. Alipoondoka sikuweza kuitoa. Nimechukua ya juu, mama, sikuangalia. Nilikuwa nakimbia." Ndipo akatambua alichofanya. "Nimemponza Kulwa?"

"Hujamponza mtu," daktari akasema. Akamshika bega. "Nipe hiyo nyingine."

Nikaandika namba ya kadi ya chini. Rekodi ikafunguka, ikaja picha ya msichana aliyekunja uso, mkubwa kidogo kuliko kaka yake, kama vile amelazimishwa kupigwa picha. Chini yake Bi. Nyamizi akasoma kwa sauti majina ya kingamwili mbili. Kwa Doto mstari huo ulikuwa umeandikwa: hana.

Baadaye kabisa, tukinywa chai, Bi. Nyamizi aliniambia kwamba siku za haraka yeye hasomi jina wala haangalii picha. Anasoma mstari wa damu tu, anakimbilia kwenye friji. Mstari wa Doto ungemwambia chukua chupa yoyote ya kundi lake. Alisema hivyo akaacha kunywa, akakiweka kikombe chini.

Kwenye friji, chupa zilizomfaa Kulwa zilikuwa mbili peke yake. Dokta Rwegasira alizibeba mwenyewe, moja kila mkono, akapita uani kwenye mvua na viatu vyake vizuri. Mimi nilibaki na mashine mpaka jioni nikihamisha nakala ile nzima kurudi kwenye seva, kwa sababu mtoto mmoja akiokoka, foleni ya wengine iko pale pale. Jioni nilipita wodini. Kulwa alikuwa amelala, kucha zake zina rangi tena. Nilisimama pale kidogo halafu nikaenda kumrudishia bwana wa harusi diski yake.

Siku waliporuhusiwa, mama alinitafuta. Nilidhani amekuja kuaga. Akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, baba, wabeja sana," mara nyingi, halafu akabaki amesimama.

"Kuna jingine, mama?"

"Ile picha. Mtaifuta?"

Nikamwuliza kwa nini anauliza. Akanieleza kuwa picha za Doto zilikuwa kwenye simu yake, na simu ilimponyoka ikazama pale kivukoni, majuma machache baada ya mazishi, alipokuwa anampigia baba yao. Nyumbani hakukuwa na nyingine. "Nimeanza kumsahau meno," akasema. "Nakumbuka anacheka, lakini meno siyaoni."

Nilikwenda kwa Dokta Rwegasira, maana rekodi za wagonjwa si mali ya fundi, nanyi mlishike hilo. Alinisikiliza, akaandika kibali bila swali. Printa ya maabara ilikuwa na wino mweusi tu, na ilikuwa inaacha mstari mweupe upande mmoja. Picha ikatoka na mstari wake. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Pengo linaonekana," akasema, na hapo ndipo alipolia. Mimi nikajifanya natafuta karatasi kwenye droo, na Mungu anisamehe, hakukuwa na karatasi yoyote ninayoitafuta.

Miaka ikapita. Betri ikanunuliwa, bakapu mbili zikanunuliwa, na nyinyi mkaajiriwa mmoja mmoja na elimu zenu. Ikaja siku tukaambiwa kwenye kikao kwamba rekodi za waliofariki ziondolewe ili mashine iwe nyepesi. Mnakumbuka nilisimama, mkashangaa mzee ana nini leo. Nilisema nimepima, na watoto wote waliotutangulia wakiwekwa pamoja ni wepesi kuliko harusi moja ya yule bwana wa video. Watu wakacheka, agizo likalala. Wengi hamkujua nilikuwa namtetea nani.

Juma langu la mwisho kazini nilikuwa nahamisha mashine ya maabara kwenye seva mpya. Mchana mlango ukagongwa. Msichana mrefu, sare ya sekondari, na nyuma yake mama yule, sasa nywele zina mvi. Walikuwa wamekuja kliniki, na wamevuka kwa gari juu ya daraja, mama akasema, maji sasa anayaona kwa mbali.

"Shikamoo babu," Kulwa akasema.

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuwa mlingoti."

Akacheka, akaacha. "Babu, mama anasema Doto yuko kwako. Bado yupo?"

"Yupo."

Namba ile sihitaji kuandikiwa. Nikaifungua kwenye seva mpya, na yule mvulana akaja na vifungo vyake mpaka shingoni, kwa rangi safi, bila mstari mweupe. Kulwa aliinama akamtazama muda mrefu. Nilidhani atasema wamefanana.

"Mdogo hivi?" akasema. "Mimi nilikuwa namuona tuko sawa." Akamgeukia mama yake. "Mama, angalia. Mimi nimekua, yeye amekaa tu."

Mama alimshika mkono, wakatazama wote wawili.

Basi, vijana wangu, zana nimewaachia kwenye kabati, pamoja na pampu ya baiskeli ambayo nawasihi msiicheke. Nakilini kabla ya kushika, hata daktari akipiga mlango. Na kila mtakapomaliza kuirudisha mashine ya maabara, kabla hamjasema imepona, namba nimewaachia pamoja na zana, mfungueni Doto kwanza. Mgonjwa aliye hai akipotea humo ndani, atakuja dirishani na kadi yake kuwagombeza. Doto hatakuja.